Kwa Nini Barabara ya Isunda Hukizunguka Kiwanja Kitupu

Zamani hizo Isunda haikuwa mji. Hapakuwa na stesheni, wala tangi la maji juu ya miguu yake ya chuma, wala ghala la tumbaku, wala soko. Palikuwa na msitu wa miombo na njia ya miguu iliyopita katikati yake, imenyooka kama kamba iliyovutwa na watu wawili wenye ugomvi. Leo mgeni akishuka kwenye treni hushangaa kuona barabara yetu kubwa ikifika katikati ya mji, ikajikunja ghafla kushoto, ikakizunguka kiwanja kisicho na nyumba wala mti wala jiwe, kisha ikarudi kwenye mstari wake kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi hudhani aliyeichora alikuwa amelewa. Tunawaacha wadhani hivyo mpaka wakae, wanywe maji, ndipo tunawaeleza habari za kirangozi Mihambo.

Mihambo alikuwa Mnyamwezi, mtu mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Kazi yake ilikuwa kuongoza misafara ya chumvi iliyotoka Uvinza kwenda mashariki. Alitangulia mbele ya watu wote amevaa kofia ya manyoya ya mbuni, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumpita. Msafara wa siku hizo ulikuwa mrefu sana. Kichwa chake kiliweza kufika kambini, watu wakawasha moto na kuanza kupika, na mkia bado uko msituni unakokota miguu. Mkiani ndiko walikokuwa wagonjwa, wanawake wenye watoto, na wale ambao mizigo ilikuwa imewashinda nguvu.

Mkia wa msafara wa Mihambo ulisimamiwa na Kungulio, Mzaramo mfupi mwenye tumbo na maneno mengi. Kungulio alikuwa amemwoa Nyanzala, mdogo wake Mihambo, kwa hiyo watu hao wawili walikuwa mashemeji. Juu ya hayo walikuwa watani, maana Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana tangu babu zao walipokutana kwenye njia hizo hizo. Ninyi mnaujua utani. Mtani wako anaweza kukuchukulia kuku wako mchana kweupe, akamchinja mbele yako, akakuomba chumvi, nawe ukampa huku unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

Katika safari tunayoisimulia Kungulio alikuwa ameificha kofia ya Mihambo ndani ya chungu cha kupikia uji. Msafara ukapita katika kijiji cha mtemi mmoja, kirangozi akiwa kichwa wazi, na wanakijiji wakamsalimia mpishi aliyekuwa nyuma yake wakidhani yeye ndiye mkubwa. Watu walicheka mpaka mizigo ikawadondoka. Mihambo naye alicheka, lakini moyoni aliapa kwamba shemeji yake hatavuka msitu huo bila kulipwa.

Asubuhi moja, watu wakifunga mizigo, Kungulio akaanza tena.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "leo usihangaike kuniwekea matawi. Wawekee wenye macho mabovu. Mimi njia hii naijua hata kwa harufu."

"Utapotea, shemeji, tukuokote na fisi," Mihambo akajibu.

Nyanzala alikuwa ameketi juu ya mzigo wake, anaviringisha nyasi kutengeneza ngata ya kuweka kichwani. Alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa. "Kaka, usimjibu," alisema. "Huyu akijibiwa ndiyo anashiba."

Hayo matawi yalikuwa sheria ya njia. Kirangozi alipofika mahali njia zinapogawanyika alikata tawi bichi, akalilaza kukingama ile njia isiyofaa, ili watu wa nyuma wakifika wajue pa kwenda. Tawi hilo halikuguswa na mtu mwingine yeyote. Halikurukwa, halikusogezwa, halikukanyagwa, hata kama mpagazi aliona kwa macho yake kwamba njia iliyofungwa ndiyo fupi. Na kirangozi akitaka kuifungua njia aliyoifunga, ilimbidi aje mwenyewe, aliinue tawi kwa mikono miwili, alishike kifuani mpaka mtu wa mwisho awe amepita, ndipo aliweke chini. Msafara uliishi kwa tawi. Wapagazi walikuwa wakigombana juu ya kila kitu, nyama, maji, mahali pa kulala, lakini juu ya tawi hakuna aliyewahi kugombana.

Hapa tulipo ndipo njia ilipokuwa ikigawanyika. Moja iliendelea mbele moja kwa moja hadi kwenye kijito na maji. Nyingine iliteremka upande wa kulia kwenda mbugani, kwenye nchi tambarare ya udongo mweusi usio na hata tone. Waliokwenda huko hawakusimulia walichokiona.

Mihambo alifika hapa na kichwa cha msafara jua likiwa bado la asubuhi. Akawapitisha watu wake kwenye njia ya kijito, akasubiri wamalize, kisha akakata tawi la mninga. Hakulilaza kwenye njia ya mbugani. Alililaza kwenye njia ya maji.

Mwanamke mmoja mzee, Kalunde, aliyekuwa akibeba vyungu vya kichwa cha msafara na ambaye kila siku alikuwa wa mwisho katika kundi hilo, aligeuka akamwona.

"Baba, hilo tawi umeliweka wapi?"

"Ni utani tu, mama," Mihambo akasema, na tayari alikuwa anacheka. "Si anasema anaijua njia kwa harufu? Akifika hapa atakwama. Akilivuka tawi, amevunja sheria mbele ya watu wote. Asipolivuka, itabidi akae chini akiri kwamba bila mimi hajui aendako. Mimi nitakuwa nyuma ya kile kichuguu namwangalia."

"Utani una mahali pake," Kalunde akasema. "Usiuweke chini ya miguu ya watu."

"Nitakuwa pale pale, mama. Hatapiga hata hatua moja."

Akaenda kujificha nyuma ya kichuguu. Na huenda mambo yangeishia kwenye kicheko, tukakosa hadithi, lakini kutoka kijitoni likapigwa yowe. Mpagazi mmoja alikuwa ameteleza kwenye mawe, akaanguka na mzigo wake, na mguu ulikuwa umevunjika hata mfupa unaonekana. Wakamwita kirangozi. Mihambo alitazama nyuma, hakusikia ngoma ya Kungulio huko mkiani, akajiambia kwamba wako mbali bado, akakimbia kwenda kijitoni. Kuunga mguu si kazi ya haraka. Mtu alikuwa akipiga kelele, vijiti vya kufungia vilikuwa vikikatika, na chumvi ilikuwa inayeyukia majini. Mihambo alipokumbuka kuinua uso, jua lilikuwa limefika utosini.

Alirudi mbio. Tawi lilikuwa pale pale lilipolazwa, halijaguswa hata jani. Nyayo za watu wa mkia zilikuwa zimekuja mpaka karibu nalo, kisha zote zilikuwa zimegeuka kulia na kuteremka mbugani.

Zilikuwapo nyayo pana za Kungulio, na Mihambo alizitambua kwa kidole kimoja kilichopinda. Zilikuwa zimezunguka mahali pamoja mara nyingi, zimekwenda kwenye njia ya maji, zimesimama mbele ya tawi, zimerudi, zimesimama tena. Hapo Mihambo akaelewa. Shemeji yake alikuwa anaijua njia kweli. Alijua kabisa kwamba maji yako mbele. Ila aliona tawi, akafikiri kirangozi ameona hatari huko mbele, labda wanyang'anyi, labda simba, akageuza watu wake kwa utiifu. Majivuno yake yote yalikuwa ya mdomoni. Miguu yake ilikuwa imemwamini Mihambo.

Mihambo alilipiga tawi teke likarukia vichakani, akashika njia ya mbugani anakimbia.

Mwanzoni hakuwa na wasiwasi mkubwa, maana nyayo zilikuwa mbichi. Alikuta mahali walipopumzika, na majivu ya moto wao yalikuwa bado ya moto. Alisikia ngoma ya mkia mbele yake, ile ya polepole ambayo Kungulio alikuwa akiipiga kuwaambia wenzake, tupo, tunakuja. Akaita. Ngoma ikajibu. Akaongeza mwendo, na ngoma ikawa iko kulia kwake. Akakata kulia, ikawa nyuma yake.

Kisha akaikuta mizigo. Ilikuwa imeegemezwa kwenye miti michache iliyokuwapo, kila mzigo na fimbo yake, na juu ya kila mzigo imewekwa ngata ya mwenyewe, kama wafanyavyo wapagazi wanapojitenga kidogo kwa haja na kurudi. Mihambo aliigusa ngata moja. Ilikuwa na joto la kichwa cha mtu, na jasho lake halijakauka. Hapakuwa na mtu. Nyayo zilifika kwenye mizigo na hazikuondoka.

"Nyanzala!" akaita. "Mdogo wangu! Ni mimi!"

Ngoma ikajibu, karibu kabisa, kama iko upande wa pili wa mti. Akazunguka mti. Hakukuta kitu.

Aliendelea kuifuata mpaka ulimi ukamvimba mdomoni. Hakugeuka kurudi hata mara moja, mwenyewe aliapa hivyo mpaka uzeeni, alikwenda mbele tu. Lakini miguu yake ilimpandisha mahali palepale njia zinapogawanyika, na watu wa kichwa cha msafara, waliokuja kumtafuta, wakamwona akitokea kutoka mbugani peke yake. Walimnywesha maji. Wakarudi naye, wakasaka mbuga nzima, na hata ile mizigo hawakuikuta tena. Kwenye miti ile nyasi zilikuwa zimesimama wima, hazijalaliwa na kitu.

Wakapiga kambi hapa kuwasubiri. Na kesho yake, saa sita mchana, vivuli vilipokuwa vimeingia chini ya miguu ya watu, wakasikia ngoma inapanda kutoka mbugani.

Watu waliruka kwa furaha. Wanawake walipiga vigelegele. Vumbi liliinuka kwenye njia, kikasikika kikohozi cha mtoto, mlio wa fimbo zikigonga udongo, na harufu ya jasho na chumvi ikawafikia. Vumbi likaja mpaka hapa panapogawanyika njia, likasimama. Ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja. Palikuwa na pumzi za watu wengi waliosimama wanatazama kitu, kisha sauti ya Kungulio ikasema kwa uchovu, "Tawi bado lipo." Nyayo zikageuka. Ngoma ikateremka tena mbugani, polepole, mpaka isisikike.

Waliokuwa wamesimama njiani wakati ule walisema walihisi mabega yakiwagusa. Mmoja alikuwa mpagazi shujaa aliyewahi kumuua chui kwa rungu. Alikaa chini akalia kama mtoto, na jioni akafunga vitu vyake akaondoka.

Kalunde ndiye aliyeelewa. "Tawi uliliondoaje, baba?" alimwuliza Mihambo.

Mihambo akaona aibu. "Nililipiga teke."

"Basi hujaliondoa. Umelitoa machoni petu. Machoni pao lipo palepale ulipolilaza."

Mihambo aliingia vichakani akalitafuta tawi mpaka akalipata, majani yameanza kunyauka. Akalilaza upya. Saa sita ilipofika akaliinua kwa mikono miwili, akalishika kifuani kama sheria inavyotaka, akaita watu wapite. Vumbi likaja, likasimama mbele yake kabisa. Alihisi pumzi usoni. "Tawi bado lipo," Kungulio akasema, na wote wakageuka wakaenda zao. Alichokuwa ameshika Mihambo kilikuwa ukuni tu.

Wapagazi wengi waliondoka, maana chumvi ilikuwa ya watu na watu walikuwa wanaingoja. Lakini waliokuwa na ndugu mkiani hawakuweza kuondoka. Mwenye mke wake mle vumbini utamwambiaje aende? Wakajenga vibanda. Wakachimba kisima karibu na njia, ili siku ndugu zao wakipita wasikose maji. Misafara mingine ikaanza kupumzika hapo kwa sababu ya kisima, wanawake wakauza uji na asali, na penye uji na kisima watu hawakosi kujenga. Ndivyo Isunda ilivyoanza. Mji wetu wote umejengwa na watu waliokuwa wanasubiri. Na kwa kuwa hakuna aliyetaka kusimama pale vumbi linaposimama, watu walizoea kupazunguka kwa upande wa kushoto, kwanza kwa woga, baadaye kwa mazoea, mpaka nyasi za upande ule zikafa na njia ya kujikunja ikaonekana.

Mihambo alijenga kibanda chake karibu kuliko wote. Hakuongoza tena msafara. Kila saa sita alitoka akasimama kandokando, akaongea na vumbi. Aliwaambia ni yeye, aliwaambia wapite, aliwatukana, aliwabembeleza, alimwita mdogo wake kwa jina la utotoni ambalo mama yao pekee ndiye alikuwa akilitumia. Hawakumsikia. Nywele zake ziliota mvi, wakati sauti za mle ndani zilibaki zilezile, na mtoto yule aliendelea kukohoa kikohozi kilekile. Nani angestahimili hayo? Watu walimwonea huruma, ila wapo pia waliompita bila kumsalimia, na yeye hakuwalaumu.

Siku moja, baada ya Kungulio kusema maneno yake, sauti ya mwanamke ilisikika. Mihambo aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Labda ni utani wake," mwanaume mmoja alikuwa amesema mle vumbini.

"Hapana," Nyanzala akajibu. "Mimi namjua kaka yangu. Ingekuwa utani, angekuwa hapa anacheka."

Nyayo zikageuka.

Mihambo alisimama pale mpaka jua likaanza kuchwa. Kisha akaenda nyumbani kwa Kalunde, aliyekuwa sasa kikongwe asiyetoka mlangoni.

"Mama, nakwenda upande wao," alisema. "Tawi lile nitaliona nikiwa huko tu."

"Ukishaenda huko hurudi huku."

"Najua, mama."

"Nitawaambia watu wajaze vyungu," Kalunde akasema.

Kesho yake Mihambo alioga, akavaa kofia yake ya manyoya ambayo ilikuwa imeliwa na mende, akasimama katikati kabisa ya njia. Mji wote ulitoka kutazama. Vumbi lilikuja, likamfunika, likasimama. Kungulio akasema tawi bado lipo. Nyayo zilipogeuka, Mihambo naye aligeuka akateremka pamoja nazo. Waliokuwa karibu waliona kivuli chake kikifutika kwanza. Kisha wakaona miguu yake inakanyaga vumbi na haiachi alama. Kufika pale njia inapozama mbugani hawakumwona tena, na mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto alimziba macho ingawa hapakuwa na kitu cha kuonwa.

Siku iliyofuata, saa sita, vyungu vilikuwa vimejazwa na kupangwa kisimani. Ngoma ikasikika. Lakini safari hii mbele ya ngoma palikuwa na sauti ya kirangozi anayeimbisha watu, sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Vumbi likapanda likafika, likasimama. Na ndani yake watu wakamwona Mihambo, si wazi, kama umwonavyo mtu nyuma ya moshi. Aliinama. Akashika kitu kwa mikono miwili, kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona, na kilikuwa kizito, maana mishipa ya shingo ilimsimama. Akakiinua mpaka kifuani.

"Shemeji," akasema. "Ulikuwa utani. Ulikuwa utani wangu mbaya. Njia ni hii. Piteni."

Kisha ndani ya vumbi kicheko kikaanza, kicheko cha mtu mfupi mwenye tumbo, kikapanda, kikachanganyika na kilio mpaka usiweze kuvitenganisha.

"Shemeji," Kungulio akasema, "leo umetuweza."

Nyayo zikaanza kupita. Hazikugeuka, zilipita, zikaingia mjini. Na kila nyayo zilipompita Mihambo alisikika akiuliza, "Nyuma yako yuko nani?" Sauti ilijibu kwa kutaja jina, na jina lilipotajwa, kuna mtu kandokando aliyelia, kwa kuwa lilikuwa la mama yake, au mumewe, au mtoto aliyekuwa akikohoa. Kisimani maji yalipungua vyunguni bila mkono kuonekana. Mitetemo ya miguu ilipita katikati ya vibanda, ikashika njia ya mashariki kwenda ilikokuwa ikienda tangu mwanzo, na kutoka huko haikusikika tena.

Wa mwisho alikuwa Kungulio, kama kazi yake ilivyomtaka.

"Nyuma yako yuko nani, shemeji?"

Nyayo za Kungulio zilisikika zikisita, zikizunguka mahali pamoja.

"Nyuma yangu yuko Nyanzala," akasema hatimaye. "Jana tulipogeuka hapa, wewe ukiwa mbele, yeye alichoka huku nyuma. Alikaa chini. Nilitaka kukaa naye, akakataa. Alisema tutangulie, anakuja."

Mihambo alitazama njia ya mbugani. Ilikuwa tupu mpaka mwisho wa macho.

"Nenda na watu wako, shemeji," akasema. "Mimi namsubiri."

Kungulio akapita. Vumbi likaanza kutua, na watu wakaona Mihambo amesimama palepale, mikono kifuani, hajakiweka chini alichokishika, kwa sababu kirangozi akiliweka tawi kabla mtu wa mwisho hajapita, njia imefungwa. Vumbi lilipotua lote, hawakumwona.

Hawakumwona, ila hajaondoka. Miaka mingi baadaye walikuja watu wa reli na kamba zao na miwani yao ya kupimia, wakasema reli itapita hapahapa, moja kwa moja, kiwanja kiko wazi. Vibarua wakaingia na sururu. Kila aliyeingia aliinua sururu mara moja, akasimama, akageuka kutazama nyuma yake, kisha akatoka bila kusema. Msimamizi wao aliwaita wavivu, akaingia mwenyewe kuwaonyesha kazi. Naye aligeuka akatazama nyuma. Alipotoka uso wake ulikuwa hauna damu, na alitaka kujua ni nani aliyekuwa akimwuliza maswali sikioni. Reli ikakunjwa. Ndiyo maana treni ikikaribia stesheni ya Isunda hupunguza mwendo na kulalia upande mmoja, na abiria hushika mizigo yao. Tangi la maji lilisogezwa, ghala likasogezwa, msikiti ukajengwa kushoto na kanisa kulia, na kiwanja kikaachwa.

Na tangu siku ile Mihambo alipoliinua tawi, hapa Isunda tunataniana juu ya kila kitu, hata msibani, lakini hakuna anayetania juu ya njia. Mwulize mtani wako mkali kuliko wote njia ya kwenda hospitali, atanyamaza, ataacha kazi yake, na atakushika mkono mpaka mlangoni. Na mgeni akifika nyumbani kwetu, kabla ya karibu na kabla ya kiti, tunamwuliza, "Nyuma yako yuko nani?" Hata kama amekuja peke yake hatakiwi kusema hakuna mtu. Husema, "Yupo, anakuja."

Ukipita pale kwenye kona saa sita mchana, utatuona tumebanana upande mmoja wa barabara, wenye baiskeli, wenye mikokoteni, watoto wa shule, hata dereva wa lori amezima injini, na upande wa pili umeachwa wazi na hakuna anayepita. Usitucheke, sogea nasi. Tumemwachia nafasi mtu mmoja. Anatembea polepole, ana mzigo kichwani, na ni mjamzito.